Mgeni Aliyekuja na Kalamu



Hapana shaka umepata kuisikia hadithi ya yule bedui aliyeingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) akakojoa humo. Masahaba walimjia juu, na hasira yao ilikuwa na sababu, kwani msikiti ni msikiti na najisi ni najisi. Mtume akawazuia. Akataka aachwe amalize, kisha ikaletwa ndoo ya maji ikamwagwa pale mahali, na yule bwana akaitwa, akaelezwa kwa upole kwamba misikiti haifai kwa mambo kama yale, ni ya kumtaja Mwenyezi Mungu, kusali na kusoma Kurani. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Nimeitanguliza kwa kuwa nina jambo langu la kukiri.

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya kwenye intaneti ambayo watoto wako huichungulia katika simu wakipewa kazi za shule. Ya Kiingereza ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Haina waandishi wa mshahara. Mtu yeyote aweza kubonyeza palipoandikwa "hariri", akaongeza au akasahihisha, na kila alilolifanya huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, hata likifutwa laweza kurudishwa. Kwa hiyo mlango uko wazi usiku na mchana, na kila siku huingia asiyejua viatu vinavuliwa wapi.

Usiku mmoja aliingia kijana wa Pongwe. Nasema kijana kwa kukisia tu, maana sikumwuliza hata hilo. Aliandika juu ya kwao kama mtu aandikavyo barua: sisi tuna hiki, wazee wetu wametuambia hivi, hakuna mahali pazuri kama kwetu. Chanzo hakutaja hata kimoja. Tena alikosea ukurasa. Yeye alikuwa akiisema Pongwe ya Tanga, hii iliyo njiani kwenda Muheza, yenye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji, lakini maneno yake aliyaweka katika ukurasa wa Pongwe ya Unguja, iliyo pwani ya mashariki. Nikabonyeza "tengua". Kazi ya mwezi mzima kwake, pengine, na kwangu haikufika nukta moja ya saa. Kesho yake akajaribu tena. Nikatengua tena, mara hii nikaacha maneno mawili: hakuna chanzo. Siku ya tatu hakuja.

Sasa, msomaji wangu, nihukumu, lakini nisikilize kwanza. Je, sikuwa na haki? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, kuihakikisha habari kabla ya kuitegemea, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanavyuoni wetu wa hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya kuuliza nani kaipokea kwa nani. Mtoto wa shule akisoma kwamba Unguja kuna kiwanda cha saruji kilicho njiani kwenda Muheza, nani atabeba dhambi ya kosa lile? Hoja hii nilijifariji nayo kwa muda mrefu, na mpaka leo sioni kwamba ni hoja dhaifu.

Ila ina upungufu. Maneno ya kijana niliyahakikisha, yeye mwenyewe sikumhakikisha. Nilimdhania ni mharibifu, wakati sura ile ile, aya ya 12, yatuonya na dhana. Na nikiitazama tena hadithi ya bedui naona nilikuwa nikiisoma nusu. Maji yalimwagwa! Mtume hakuiacha najisi ndani ya msikiti kwa ajili ya kumstahi mgeni. Kosa liliondolewa, na mkosaji akafundishwa, yote mawili. Wanavyuoni wakaongeza kwamba kumkatiza pale kungemdhuru mwenyewe na kuieneza najisi mahali pengi zaidi. Mimi nilimwaga maji nikaenda zangu.

Wenzetu wa Kiingereza jambo hili limewagharimu. Wahariri wao wenye bidii walipita 50,000 mwaka 2007, kisha wakaanza kupungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa sababu moja ni wageni wenye nia njema kufutiwa kazi zao, mara nyingi kwa programu zilizowekwa kuwakamata waharibifu. Na hali walikuwa tayari na mwongozo wa kuwakataza wenyeji wasiwang'ate wageni! Mwaka 2012 wakafungua mahali waliopaita Nyumba ya Chai, ambapo mgeni huuliza na mwenyeji hujibu bila kumcheka. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa barazani, tungengoja kufundishwa hilo? Na sisi ni wachache. Wanaosema Kiswahili ni mamilioni, lakini wanaokihariri humo kila mwezi hawajazi msikiti wa Ijumaa.

Liko na zito zaidi. Sharti la chanzo huwaumiza watu wetu kuliko wengine. Habari za miji yetu nyingi zimo vifuani mwa wazee, hazimo vitabuni, na kijana anaposema "wazee wetu wametuambia" anasema kweli tupu juu ya njia iliyomfikishia elimu. Sharti silipingi. Lakini mwenye kulisimamia ana wajibu wa kumwambia mgeni: yaandike ya wazee, yatie gazetini au kitabuni, kisha tutayataja. Muawiya bin al-Hakam alisema ndani ya sala kwa kutojua, na baadaye akashuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko Mtume, kwani hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu sala ni nini.

Nimerudi katika historia ya ukurasa ule, nikayatoa maneno ya kijana, nikayasoma kama ilivyonipasa kuyasoma usiku wa kwanza. Sifa nyingi hazikufaa. Habari ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikapita Pongwe kuelekea Muheza, na habari ya mawe ya chokaa, hizo zilikuwa sawa, na vyanzo vyake vilipatikana kwa kutafuta kidogo tu. Nikazihamishia katika Pongwe yake, nikaeleza kuwa ni zake. Makala fupi huko tunaziita mbegu, na hii ni mbegu hasa. Kisha nikamwandikia katika ukurasa wake wa majadiliano: salamu, samahani, na njia ya kuweka chanzo, hatua kwa hatua.

Hajajibu bado.