Kumngoja Mwenzi Njiani na Mezani

Liko swali ambalo watu wengi hujiuliza kazi zinapopungua na mfuko unapokuwa na fedha kidogo: Je, ni halali mtu kujifurahisha pamoja na rafiki zake, kula vizuri na kunywa, hali jirani zake wamo katika taabu zao? Wako wasemao kwamba furaha ya namna hiyo ni upotevu wa wakati na mali. Wako na wengine wasemao kwamba mtu aliyetoka jasho hana deni kwa mtu yeyote, basi na ajifurahishe apendavyo. Sisi tulikuwa katika hao wa pili. Leo twataka kueleza jambo lililotupata hapa kwetu Bagara, ambalo lilituonyesha kwamba swali lenyewe tulikuwa tukiliuliza vibaya.

Mji wetu wa Babati uko chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe. Mvua zimekwisha, asubuhi mawingu hulala juu ya mlima, na mtu hatoki nyumbani bila koti. Mahindi yamekauka mashambani na mbaazi zakaribia kuvunwa. Huo ndio wakati mzuri wa kupanda baiskeli, maana njia ni kavu na jua si kali. Basi katika Julai ya mwaka 2023 tulipatana watu sita, rafiki wa siku nyingi, kwamba tushike Jumamosi moja na Jumapili yake, tutembee kwa baiskeli, kisha tule pamoja.

Tulitoka alfajiri, tukashika barabara kuu iendayo Bonga, ndiyo ile ifikayo Kondoa na Dodoma, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Katika nchi yetu baiskeli ni chombo cha kazi. Huchukua madumu ya maji, magunia ya mahindi, maziwa na mkaa, na mara nyingi mwenyewe haipandi, huisukuma tu. Njiani tulimkuta mzee mmoja akisukuma yake yenye gunia. Tulipomwamkia akatuuliza, “Wanangu, mwapeleka nini huko mwendako?” Tukamjibu, “Hatupeleki kitu, mzee, twatembea tu.” Akatutazama sana, akacheka, akasema, “Basi mmebarikiwa, ikiwa baiskeli yaweza kwenda pasipo mzigo.” Tukacheka naye, tukamsaidia kuisukuma mpaka mwisho wa kilima, tukaendelea na safari yetu.

Mwenzetu mmoja alikuwa na baiskeli ya zamani, nzito, yenye keria kubwa nyuma. Sisi wengine tulikuwa na baiskeli nyepesi. Tangu mwanzo tulifanya sheria moja, kwamba aliye wa polepole atangulie mbele, na wote wafuate mwendo wake. Maana yeye akiwekwa nyuma, kila mara atakuwa akiwakimbilia wenzake, nao wakisimama kumngoja, afikapo tu huondoka. Wao hupumzika, yeye hapumziki. Lakini akitangulia, watu wote huwa kundi moja. Tairi yake ilipopata pancha karibu na Bonga, sote tulishuka. Mmoja alileta maji, mwingine kiraka na gundi, mwingine pampu. Hakuna aliyenung'unika.

Tulikumbuka pale kwamba hata tairi yenye upepo ilianza kwa kumfikiria aliye mdogo. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alimtengenezea mtoto wake tairi za namna hiyo kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ili asitikiswe na njia mbaya, na katika mwaka 1888 akapewa hati ya uvumbuzi huo. Tulilisema neno hili kwa furaha, tukajiona tu watu wema.

Jioni tulikusanyika katika nyumba ya mmoja wetu. Chakula kilikuwa kizuri kweli: wali wa mchele wa Magugu, perege wa kukaanga, kuku wa kienyeji, mbaazi na mboga za majani. Tena palikuwa na chupa tatu za divai ya Dodoma. Katika nchi ile mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, nayo huwapa riziki wakulima wengi wanaoipogoa na kuipalilia katika jua kali. Tulijisifu kwamba hatunywi kitu cha ng'ambo, bali twanywa jasho la jirani zetu. Baridi ilikuwa nje, ndani palikuwa na moto wa mkaa, na miguu yetu ilikuwa imechoka kwa uchovu ule mtamu wa mtu asiyelazimishwa.

Sasa twafika penye neno gumu. Yule mwenzetu wa baiskeli nzito alikuwa hajaonja kileo kwa muda wa miaka minne. Zamani pombe ilimshika ikamharibia kazi, ikauza ng'ombe wake, ikawafanya watoto wake wajifiche wasikiapo hatua zake mlangoni. Mambo hayo sote tuliyajua. Usiku ule alikunywa chai, akaketi akicheka pamoja nasi. Ndipo mmoja akasema, “Divai si pombe, ni matunda tu.” Mwingine akasema, “Hata kanisani twainywa.” Mwingine akasema, “Kwa baridi hii tone moja ni dawa, tena sisi ni ndugu zako.” Akakataa mara moja, akakataa mara ya pili. Bilauri ikatiwa, ikawekwa mbele yake. Akaitazama, akatutazama sisi, akanywa. Nasi tukapiga makofi.

Siku ya Jumatatu hakuonekana kazini. Juma lile likapita, na la pili, na la tatu. Ndipo mkewe alipokuja kwetu, akakataa kuketi, akasema, “Shemeji zangu, sikuja kuwalaumu. Nataka kujua tu, ni nani aliyempa?” Hakuna aliyejibu. Mkono uliomimina ulikuwa mmoja, walakini makofi yalikuwa ya watu watano.

Tangu siku ile tumejitafutia udhuru mara nyingi, nao wote tumeupima. Udhuru wa kwanza ni huu: yeye ni mtu mzima, alikunywa kwa mkono wake mwenyewe. Ni kweli, na mzigo wake katika jambo hili hatuwezi kumwondolea. Lakini hata barabarani alikuwa mtu mzima mwenye miguu yake, wala hatukumwambia, “Kila mtu na baiskeli yake.” Tuliona wazi kwamba chuma kile kilikuwa kizito. Mezani uzito ulikuwa ndani yake, hauonekani kwa macho, nasi tukaufanya kana kwamba haupo. Njiani tulimngoja. Mezani tulimtaka akimbie mwendo wetu.

Udhuru wa pili ni kwamba hatukujua bilauri moja yaweza kufanya hivyo. Lakini jambo hili si siri tena. Waganga wa siku hizi wafundisha kwamba utumwa wa kileo ni ugonjwa, na kwamba tamaa yake yaweza kuamka tena hata baada ya miaka mingi. Katika mwaka 1935, huko Marekani, watu wawili waliokuwa wamefungwa na ulevi, mmoja mfanya biashara na mmoja daktari, walianza kusaidiana. Chama kilichotoka kwao kimeenea duniani, na shauri lake kubwa ni kujihadhari na kikombe cha kwanza, siku kwa siku. Basi sisi tulimpa mwenzetu kile kikombe hasa alichokuwa amekikimbia miaka minne.

Udhuru wa tatu ndio unaopendwa sana na watu wasomao: divai yenyewe si haramu. Husema, arusi ya Kana ilikuwa na divai, na katika nyumba ya Martin Luther mkewe, Katharina von Bora, alikuwa fundi wa kupika bia, na wageni walijaa mezani pao. Haya yote ni kweli. Lakini uhalali wa kitu si uhalali wa kila namna ya kukitoa. Chumvi ni halali, walakini hatumtilii tele mtu mwenye shinikizo la damu, kisha tukampigia makofi anapoila. Anayetetea divai kwa kutaja Kana hajajibu bado swali la yule mama aliyesimama mlangoni.

Hapo wengine watasema, “Basi dawa ni moja, karamu na divai viondolewe kabisa.” Watu wasemao hivyo twawaheshimu. Wale ndugu wa uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Uganda na Bukoba waliacha kileo kabisa, na nyumba nyingi zikapata amani. Tena mwanzoni mwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo kiwezacho kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Anayeacha kwa ajili hiyo ana sababu njema, wala asichekwe.

Lakini kuhusu karamu yenyewe tuliona jambo lililotushangaza. Tulipofikiri ni kitu gani kilichomshika mwenzetu asianguke miaka ile minne, tuliona kwamba ni mambo haya haya: mkewe aliyemvumilia, sala zake, na rafiki waliokuwa wakimwita kupanda baiskeli na kula naye. Furaha ilikuwa ngome yake, maana mtu aliyeachwa peke yake jioni hujua njia ya kilabuni hata gizani. Basi kama tungalifunga mlango na kusema, “Tusikutane tena,” tungalimdhuru mara ya pili. Hatukukosa kwa kuwa tulifurahi. Tulikosa kwa kuwa furaha yetu ilitaka kulipwa, na tukamchagua alipe yule aliyekuwa maskini kuliko wote katika jambo lile.

Tulipokwisha kuona hivyo, tuliona na mengine. Mama wa nyumba ile alisimama katika moshi tangu saa sita mchana, akala mwisho, chakula kimekwisha kupoa, wala hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Na yule mzee wa gunia, tulimsaidia mpaka juu ya kilima, maana kilima kilikuwa njiani kwetu. Nyumba yake haikuwa njiani kwetu. Hatusemi kwamba yatupasa kuondoa mizigo yote ya dunia ndipo tupate ruhusa ya kucheka. Kama ni hivyo, hakuna atakayecheka mpaka siku ya mwisho. Twasema tu kwamba aketiye kula na atazame kwanza nani yuko pale, na nani amesimama ili yeye aketi.

Mwenzetu alirudi. Haikuwa kwa nguvu zetu, bali kwa subira ya mkewe na msaada wa waganga, na kwa siku nyingi ambazo hatukuziona. Alipopona kidogo tulimwendea nyumbani kwake, tukaomba msamaha. Tulikuwa tumetengeneza ahadi nyingi: kwamba hatutaleta chupa tena popote alipo, kwamba tutamlinda, kwamba tutamwonya kila amwonaye. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ndugu zangu, msinifanye mtoto. Mkinificha kila kitu, nitajua kwamba mwaniogopa. Neno langu ni moja: nikisema sitaki, iwe imekwisha. Msiniulize mara ya pili.” Tukanyamaza. Tulikuwa tumemnywesha pasipo kumsikiliza, na sasa tulitaka kumwokoa vile vile pasipo kumsikiliza.

Kwa hiyo swali la mwanzo twaliacha. Mtu akituuliza kama ni halali kula vizuri na kufurahi pamoja na rafiki katika siku za baridi, twajibu kwamba ni halali, tena ni jema. Ila na ajiulize mwenyewe: Katika furaha hii, je, yuko anayekimbia ili asiachwe? Na akisema “sitaki,” je, neno lake lina nguvu mezani kwetu, au latuchekesha tu? Rafiki asiyeweza kukataa kitu mbele yetu hana uhuru kwetu, hata tukimwita ndugu mara mia.

Julai iliyofuata tulikwenda tena. Yeye ndiye aliyekuja kutuita. Alitangulia mbele kwa baiskeli yake ile ile nzito, tukapita Bonga, tukarudi jioni na vumbi. Chakula tulikipika wenyewe wanaume, na wali uliungua kidogo. Mama wa nyumba alikaa kwenye kiti cha kwanza akatucheka. Divai haikuwapo. Hatukuweka sheria, wala hakuna aliyeitaja. Ilitokea tu kwamba kila mmoja wetu alipokwenda dukani hakuinunua. Tulikunywa chai ya tangawizi, nyingi sana, mpaka usiku. Alipoamka kwenda kwake tulichukua taa, tukamsindikiza sote watano, tukizisukuma baiskeli polepole, mpaka mkewe alipofungua mlango.