Nyumba Njema si Mlango

Masomo ya juma: 1 Wakorintho 4:14–16, Matendo ya Mitume 20:17–21



Mwaka 2008 Zondervan, wachapishaji wa Biblia wanaojulikana sana Marekani, walitoa kitabu cha Jon na Kate Gosselin, mume na mke wa Pennsylvania wenye watoto wanane: mapacha wawili, kisha sita kwa mpigo. Televisheni ilikuwa ikiwaonyesha wakilisha, wakiogesha, wakinuniana. Makanisa yaliwaalika waje kueleza jinsi imani inavyoibeba nyumba yenye purukushani namna ile. Mwaka huohuo walirudia viapo vya ndoa yao huko Hawaii. Juni 2009 wakatangaza kwenye kipindi chao kwamba wanaachana, na watu zaidi ya milioni 10 wakawatazama. Kabla mwaka haujaisha, talaka ilikwisha kutoka. Mwaka 2010 mama akatoa kitabu kingine, kwa wachapishaji walewale: barua kwa watoto wake kuhusu upendo, imani na familia.

Sisemi haya ili tuwacheke. Ndoa huvunjika, hata zile zilizobarikiwa na askofu. Kinachonishughulisha ni sisi wasomaji: tunafuata nini kwa watu hawa, hata tutake ushauri wa nyumba ambayo hatujawahi kupiga hodi?

Wako wengine wa vipindi hivihivi vya maisha halisi wanaouza bidhaa nyepesi zaidi. Bethenny Frankel aliandika jinsi ya kuwa mwembamba. Donald Trump, mwaka uleule wa 2004 kipindi chake cha The Apprentice kilipoanza, alitoa kitabu cha jinsi ya kutajirika. Hao hawaninyimi usingizi. Anayenunua kitabu cha kukonda akabaki na uzito wake amepoteza fedha kidogo tu. Wanaonitia hofu ni wale wanaoingia na Biblia mkononi.

Familia ya Jim Bob na Michelle Duggar, wa Arkansas, iliyokuwa nayo na kipindi chake cha televisheni, ina watoto 19. Wazazi hao waliandika kitabu chao cha kwanza mwaka 2008, wakaongeza cha pili mwaka 2011. Mwaka 2014 binti zao wanne wakatoa cha kwao, wakiwafundisha wasichana namna ya kuishi na wazazi, ndugu na wavulana. Mei 2015 ikajulikana kwamba miaka kadhaa kabla ya kipindi chao kuanza, kijana wao mkubwa, angali mdogo kwa umri, aliwadhulumu wasichana kingono, wakiwamo baadhi ya dada zake, na wazazi walikuwa wakijua. Julai kipindi kikafutwa. Kijana huyo, akiwa sasa mtu mzima, alihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha zaidi ya miaka 12 kwa kosa la picha za unyanyasaji wa watoto. Mzazi aliyekuwa amenunua vitabu vile ili ajue namna ya kulea hakulikuta jambo hilo ndani yake, ingawa ndilo lililokuwa zito kuliko yote katika malezi ya nyumba ile.

Ni rahisi kuita huo unafiki na kufunga mjadala. Mimi naona kuna kitu kingine. Nyumba ikishageuzwa ajira, kila aliyemo ana sababu ya kunyamaza. Kipindi kinalipa kwa sababu familia inapendeza, kitabu kinauzwa kwa sababu kipindi kipo, na mialiko ya kusema makanisani inafuata kitabu. Atakayesimama aseme "hapa kwetu tumeumia" anakata riziki ya wote. Toba, ambayo kwa Mkristo wa kawaida ni bure, kwao ina bei. Kamera nayo haisaidii, maana baada yake kuna mhariri anayechagua, na hata kitabu chenyewe mara nyingi kimeandikwa na mwandishi wa kukodiwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa tumeonyeshwa mlango miaka kadhaa tukadhani tumelala humo.

Binti wawili wa nyumba ya Duggar wameandika tena. Wote wawili vitabu vyao vilitoka mwaka 2023. Jinger anaeleza hofu aliyokulia nayo chini ya mafundisho ya Bill Gothard, mwalimu wa dini ambaye familia yao ilimfuata, hofu iliyomfanya awaze kwamba akienda kucheza na nduguze huenda Mungu akamuua kwa ajali njiani, kwa kuwa labda alitakiwa abaki nyumbani asome Neno. Jill anasimulia habari za mikataba, na miaka ya kuonekana kwenye televisheni bila malipo. Vitabu hivyo havina hatua saba za kufanikiwa. Lakini ukinipa nichague kimoja nimpe binti anayekulia katika nyumba ya dini kali, nitampa cha Jinger, ambaye bado anamwamini Kristo.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata wakiwa na walimu maelfu, baba hawako wengi, kisha anathubutu kuwataka wamwige. Maneno hayo yangekuwa majivuno kama wasingemjua. Lakini alikaa kwao mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Walionunua kwake walijua kama kazi yake inavuja. Wazee wa Efeso aliwaita Mileto akawakumbusha jambo moja kabla ya mengine yote: mnajua nilivyoishi kwenu tangu siku ya kwanza. Hakuwaambia mlivyonisikia nikisema. Barua zake kwa Wakorintho zilifika kwa watu waliokuwa wamesikia sauti yake ikipanda kwa hasira na kuyaona machozi yake.

Basi sisi wachungaji tunaoweka nyuso zetu kwenye majalada, suti na tabasamu, na mke pembeni, tusijifanye jambo hili ni la Marekani peke yake.

Na kwa nini kijana wetu anayetaka kuoa anamtafuta mgeni wa kwenye skrini? Kwa sababu hapa usharikani tunampa mafundisho ya ndoa ya jioni chache, kisha kamati ya harusi inachukua nafasi. Wazee wenye ndoa za miaka 30 wanakaa mabenchi ya mbele, na hakuna aliyewahi kuwauliza mwaka gani waliachana vitanda, au fedha za ada zilikwenda wapi, au nani aliwapatanisha. Wao nao hawasemi, wakiogopa kuwakwaza wadogo.

Nimeongea na wazee wa kanisa. Jumamosi hii saa 10 jioni wachumba wote wanaojiandaa kufunga ndoa watakutana na wanandoa wanne wa usharika huu. Mchungaji hatakuwapo, na simu zitaachwa mlangoni. Wanandoa hao wamekubali kuulizwa lolote.