Sayansi ya Nyumbani ni Somo la Nani?



Miongoni mwa maswali yanayozusha ubishi nyumbani, hili huonekana dogo: je, inafaa mwana wa kiume afundishwe shuleni kupika, kufua, kushona kifungo na kupanga matumizi ya nyumba? Baba husema, "Sikumpeleka shule akajifunze kukaanga vitunguu." Mama naye husema, "Binti nitamfundisha mwenyewe. Mwalimu na ashughulike na hesabu." Wote wawili wanaitakia mema familia yao. Lakini nyuma ya swali hilo dogo liko swali kubwa juu ya haki kati ya mume na mke. Leo tulitazame pamoja.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani za ukoloni maarifa ya nyumba yalihesabiwa kuwa ya wanawake peke yao. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952, vikundi vyake viliwafundisha akina mama upishi, ushonaji, usafi na malezi ya watoto. Lilikuwa jambo jema, ila baba hakuwamo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi ya nyumbani ikafundishwa wavulana na wasichana katika shule za msingi. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo likapoteza nafasi yake. Likarudi Gredi ya 4 na mtaala wa umilisi mwaka 2020. Kisha mwaka 2024, masomo yalipopunguzwa tena, likaunganishwa na kilimo na kuitwa Kilimo na Lishe. Somo linaloingia na kutoka namna hii ni dalili kwamba sisi wenyewe hatujaamua ni la nani.

Ndugu zetu wa Tanzania waliliita somo hilo sayansikimu, na jina hilo lina hekima. Kukimu ni kutosheleza mahitaji ya maisha. Jina letu linataja mahali. Lao linataja wajibu. Na wajibu wa kuikimu familia hakuna mume atakayeukana, kwani ndio fahari yake. Basi je, kukimu kunakwisha pale fedha zinapotoka mkononi?

Tuchukue mfano wa mtaa wa Pipeline, kule Embakasi, Nairobi. Majumba yake ni ya ghorofa saba, nane na zaidi, yamebanana hata vyumba vingine huwashwa taa mchana. Familia nyingi hukaa katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 au karibu na hapo. Kitanda kiko nyuma ya pazia, jiko liko karibu na mlango, na mifereji inapokauka maji hupandishwa ngazi kwa mitungi. Wengi wametoka magharibi mwa Kenya kutafuta riziki. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt aliandika kitabu juu ya wanaume wa mtaa huo, kilichotoka mwaka 2024, akieleza mzigo unaowaelemea: kila mmoja anamtazamia mwanamume alete fedha, na fedha ni adimu.

Katika chumba kama hicho, ule msemo kwamba mwanamume haingii jikoni unapoteza maana. Jikoni ni wapi? Hapo anapokaa ndipo jikoni, na hapo ndipo analala. Mume anayekataa kuinjika sufuria hayuko mbali na kazi hiyo. Yuko hatua mbili tu, anaitazama.

Ubaya wa kutojua si chakula kuchelewa. Ubaya wake hasa ni hukumu. Mume ametoa shilingi 500 Jumatatu. Jumatano anaombwa nyingine, naye anang'aka: "Zile zimeenda wapi?" Kwa anayejua bei, hilo ni swali la haki, kwa asiyejua, ni shutuma. Hajapata kununua makaa wala gesi. Hajui pakiti ya unga ya kilo mbili huishi siku ngapi kwa vinywa vitano, wala mtungi wa maji huuzwaje wakati wa shida. Hakimu asiyeijua kesi hawezi kuhukumu kwa haki, hata akiwa na moyo mwema. Ndiyo maana kumfundisha mvulana bei ya nyanya na muda wa kuiva maharagwe ni kumfundisha haki kabla hajaoa.

Upande wa pili nao upo. Mke anayekopa kwa simu kimya kimya na kufuta ujumbe, au mume anayeficha mshahara wake hata mkewe asijue ni kiasi gani, wote wawili wanaiharibu hesabu ya nyumba. Mtoto atafundishwaje shuleni kuandika bajeti, naye nyumbani anaona baba na mama wakifichana shilingi?

Pengine mtauliza: je, ni vibaya mume na mke kugawana kazi, huyu atafute, yule apike? Si vibaya hata kidogo. Nyumba nyingi zimesimama imara kwa mgawo huo. Lakini mgawo wa kweli ni wa watu wawili wanaoijua kazi yote, kisha wakakubaliana. Asiyeweza hakugawana, ameachia tu mwenzake. Na siku mke atakapojifungua, au kulazwa hospitalini, au kupata kazi ya zamu ya usiku, watoto watalala njaa na unga umo ndani.

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya kujifunza nyumbani, si shuleni. Hawakukosea kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Tatizo ni kwamba nyumba humfundisha yule tu aliyechaguliwa na mila: binti huitwa jikoni, kaka yake hutumwa dukani kisha huenda kucheza mpira. Hata methali yetu yasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba baba hana la kufunza. Shule huwaketisha wote wawili dawati moja. Hapo ndipo inapoisaidia nyumba, bila kuinyang'anya kazi yake.

Lakini shule ikifundisha na nyumba ikafuta, nani atashinda? Mvulana akirudi na kushika vyombo avioshe, baba akacheka, "Siku hizi umekuwa msichana?", neno hilo moja laweza kufuta kazi ya muhula mzima. Mama naye akisema, "Wacha, dada yako atafanya," amefuta vilevile, ingawa kwa upole.

Wazazi wengi wamelalamika kwamba mtaala mpya unawadai vifaa vingi vya masomo ya vitendo. Kwa nyumba inayohesabu kila shilingi, malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, somo lililo bora halihitaji kununua kitu. Sukuma wiki ya leo jioni yatosha. Mpeni kijana fedha za chakula cha siku moja, anunue, apike, awahesabie chenji. Baba na akae karibu, naye ajifunze kama hajui. Hakuna aibu mtu mzima kujifunza mbele ya wanawe.

Ninyi wawili, jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, jiulizeni maswali haya bila kugombana:

1. Je, kila mmoja wetu aweza kuiendesha nyumba hii juma zima peke yake?
2. Je, kila mmoja ajua ni kiasi gani kinachoingia, kinachotoka, na deni tulilo nalo?
3. Mwana wetu akioa kesho, mkewe atatushukuru kwa malezi tuliyompa, au atatulaumu?

Jibuni kwa ukweli, na Mungu abariki ndoa yenu.