Mtumbwi wa Pili

Jumapili ya Julai 30, 2023, waumini waliokuwa wakitoka kanisani upande wa Bunda walipanda mitumbwi miwili katika Ziwa Victoria. Kwa jumla walikuwa watu 28. Mtumbwi wa kwanza ulipozidiwa na maji, wa pili ulikwenda kuwaokoa. Nao ukazama. Nusu ya watu wale waliokolewa. Waliobaki walikufa maji.

Simlaumu aliyeshika kasia katika mtumbwi wa pili. Waliokuwa wakipiga kelele majini alitoka kusali nao. Nani angewapita? Lakini anayejifunza huduma ya dharura, awe wa gari la wagonjwa mjini Musoma au kijana wa zahanati ya kando ya ziwa huko Bukima, hana budi kuukagua mkasa huu kwa jicho kavu. Mtumbwi wa pili haukuwa mtupu. Ulikuwa na abiria wake. Na mtu anayezama hana adabu: hushika chochote kilicho karibu, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Watatu wakining'inia ubavu mmoja, ubavu ule unalala na maji yanaingia. Abiria wa ndani nao huogopa, husimama. Wakishasimama, mtumbwi hauna tena wa kuuokoa.

Mvuvi mzoefu akifika mahali kama hapo husimama mbali kidogo, mahali ambapo mkono wa anayezama haumfikii. Hapo ndipo anaporusha kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri, ambalo linatosha kumweka mtu mzima juu ya maji. Kama ana injini, huizima kabla panga halijakaribia miguu ya watu. Walio ndani ya chombo chake huwaamuru wakae chini. Halafu huwaingiza walio majini mmoja mmoja kupitia tezi, kamwe si ubavuni. Kuruka majini kumfuata mtu ni jambo la mwisho kabisa, wala halifanywi bila kamba kiunoni na mwenzako wa kuishika. Najua ni vigumu kusimama mbali huku mtu akikuita kwa jina. Ndiyo maana zoezi hili lifanywe siku ziwa limetulia, tena mara nyingi.

Kosa la namna nyingine lilitokea karibu na Mwanza, Mei 21, 1996. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imepinduka, tumbo lake likabaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu bado hai. Waokoaji wakakata tundu kwenye chuma ili wawatoe. Hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiizuia meli isizame, ikatoka kupitia tundu lile. Meli ikaenda chini.

Kabla ya kukata, kuvuta au kusukuma chochote, mwokoaji ajiulize kitu hiki kinashikiliwa na nini. Basi lililolalia ubavu kwenye tuta linaweza kuwa limeegemea kisiki kimoja tu. Na lori la mafuta likianguka, kama lile la Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lililoua watu zaidi ya 100, gari la wagonjwa lisimame mbali, upande wa juu wa mteremko na upepo ukitoka nyuma yake, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa ardhini.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, mvuvi Majaliwa Jackson, kwa maelezo yake, aliufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na abiria wakatoka. Kisha akazunguka mbele kuwasaidia marubani. Kamba waliyokuwa wakiivuta ikakatika, ikampiga usoni, akazirai. Ikabidi yeye naye aokolewe. Baadaye Serikali ilimwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akafundishwe kazi ambayo alikwisha kuifanya kwa kasia.