Njia ni ya Nani?

Katika fikihi ya Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, barabara ni ya kupita. Kitabu cha Al-Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kinaanzia hapo kuhusu njia, na matumizi mengine yote ya njia hupimwa kwa hilo. Mtu aweza kukaa njiani akapumzika au akauza bidhaa bila kuomba ruhusa ya mtawala, hata akajitandia jamvi juu apate kivuli, maadamu hawabani wapitaji. Mmachinga na mwavuli wake, basi, hana kosa kwa kuwapo tu. Kosa huanza pale mama mwenye mtoto mgongoni anapolazimika kushuka kwenye lami ili ampite.

Wajenzi wamebanwa zaidi. Roshani inayotokeza njiani sharti iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima. Na kama ni njia ya misafara, apite ngamia na kiti cha abiria mgongoni. Kipimo ni mwili wa apitaye, si haja ya mwenye nyumba. Kujenga kibaraza njiani Nawawi anakukataza, kisha anataja kauli dhaifu inayoruhusu kisipodhuru. Vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, vilivyojaa baraza za mawe, ni kama vimejengwa juu ya kauli hiyo dhaifu, na havikuharibika kitu: mvua kubwa ikigeuza njia kuwa mfereji, watu hupita juu ya baraza hizo hizo.

Gari halimo kitabuni, ila kipimo kimo. Lililoegeshwa kwenye njia ya waendao kwa miguu linaziba kama kibaraza, tena bila kumpa mtu pa kukaa. Kuhusu mwendo wa magari, Bunge la Sweden lilifika karibu na kipimo hicho cha mwili mwaka 1997, lilipokubali kwamba barabara isanifiwe kwa kadiri mwili wa binadamu unavyostahimili kishindo, badala ya kumtaka apitaye asikosee kamwe.

Linabaki shimo. Anayechimba katika njia nyembamba, akawadhuru wapitaji, hudaiwa fidia ya atakayetumbukia, hata kama mtawala alimruhusu. Wafafanuzi wa Al-Minhaj wanasema mtawala mwenyewe hana mamlaka ya kuruhusu kinachowadhuru wapitaji. Mkandarasi aliyeacha mtaro wazi hana basi cha kujikingia katika kibali chake.