Pumziko la Mtumishi

Je, mtu aliyejitoa kuwatumikia wengine ana haki ya kupumzika, hali wale anaowatumikia wangali katika shida? Swali hili laonekana jepesi, na wengi hulijibu kwa haraka. Mmoja husema kwamba kila mwenye mwili huchoka, basi na apumzike. Mwingine husema kwamba njaa haina Jumapili wala homa haina sikukuu, basi mtumishi wa kweli hana saa ya kuketi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na yatupasa kuyapima maneno yao kabla ya kukata shauri.

Tutazame Oyugis, mji wa soko ulio katika njia kuu ya Kisii na Kisumu, katika Kaunti ya Homa Bay. Nchi hii imewajua wamisionari kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye misheni nyingine ilisimama katika mlima wa Wire, jirani na Oyugis. Pamoja na kusoma na kuandika, wamisionari hao walifundisha kwamba siku ya Jumamosi jembe liwekwe chini. Siku hizi huja Afrika ya Mashariki wamisionari wa namna nyingine pia: wazee waliostaafu kazi katika nchi zao, mara nyingi mume na mke, ambao hutumika kwa muda katika makanisa na shule. Wazee hawa nao huwa na siku yao ya kustarehe. Hufua nguo, huwaandikia wajukuu, hutembea kidogo, kisha huketi kivulini. Mpita njia aweza kuwaona akauliza moyoni: Je, wamevuka bahari ili waje kuketi?

Anayeuliza hivyo aweza kumtaja Alexander Mackay, fundi wa Uskoti, aliyeondoka Uingereza mwaka 1876 kwenda kutumika Uganda. Miaka 14 alifanya kazi ya uhunzi, uchapaji na kufundisha bila kurudi kwao hata mara moja. Mwaka 1890 homa ilimwua huko Usambiro, kusini ya Ziwa Victoria, naye alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Nani atakayethubutu kumlaumu mtu wa namna hiyo? Twamheshimu, na ni haki yake. Lakini kumheshimu shujaa si sawa na kulifanya kaburi lake kuwa sheria kwa watu wote. Nguvu za mtu ni amana. Mwenye amana huitumia, wala haitapanyi kwa siku moja. Tena uchovu haumdhuru aliyechoka peke yake. Mwalimu aliyechoka huwagombeza watoto wasio na kosa, na tabibu aliyechoka hukosea kipimo cha dawa. Anayekataa kupumzika kwa ajili ya wengine huenda mwishowe akawalipisha wao gharama ya ushujaa wake. Ikiwa ni hivyo kwa kijana, je, mzee wa miaka 70?

Basi pumziko ni haki. Hata hivyo, lina mpaka. Injili ya Marko yasimulia kwamba Yesu aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike, maana watu walikuwa wengi hata wao hawakupata nafasi ya kula. Walipofika waliukuta umati umewatangulia, naye akauhurumia na kuufundisha. Hakuona haya kutafuta pumziko, wala hakulitumia kama komeo la kuwafungia mlango wenye shida. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, mwenye gari haulizi leo ni siku gani. Ila jambo liwezalo kungoja hadi kesho na lingoje. Asiyeweza kutofautisha dharura na mazoea hatapumzika kamwe.

Sasa tumefika penye kiini cha neno letu. Amri ya sabato katika kitabu cha Kutoka haimtaji bwana wa nyumba peke yake. Yawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kazi, na hata mgeni aliye ndani ya malango. Kwa nini orodha iwe ndefu hivi? Kwa sababu aliye juu hujua kupumzika bila ya kuamriwa; amri yahitajika kwa ajili ya walio chini yake. Yule mzee aliyeketi kivulini, nani amemchotea maji? Nani amesimama jikoni tangu alfajiri? Ikiwa mpishi wake na mlinzi wake hawana siku yao katika juma, basi kazi haikusimama siku ile. Imehamishwa tu, kutoka bega moja hadi jingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, walisema wahenga, na hakuna siku usemi huo ulipo wa kweli zaidi kuliko siku ya mapumziko. Lakini ikiwa mzee huyo amejipikia uji wake, naye mpishi yuko kwao akicheza ajua na rafiki zake, basi kivuli kile ni halali yake, na wala asione haya mbele ya mpita njia.

Enyi vijana, msidhani kwamba neno hili lawahusu wageni peke yao. Shule itakapofungwa mtarudi nyumbani na kusema kwamba mmechoka kwa masomo, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Mtaletewa chakula, na nguo zenu zitafuliwa. Siku hiyo mtazameni aliyekiandaa chakula hicho: mama, au dada ambaye naye ametoka shuleni pamoja nanyi, tena amechoka kwa masomo yale yale. Mwulizeni siku yake ya kuketi ni ipi. Kama hana, basi lililo mikononi mwenu si pumziko bado, bali ni jasho la mtu mwingine. Ondokeni, mshike ndoo mwende mtoni, ili naye aketi.