Daftari la Kangomba

Nilisomeshwa na kangomba. Ukilitamka neno hilo Kariakoo watu watadhani unataja ngoma ya asili au aina ya samaki. Kwetu Kilimarondo, huko pembezoni mwa wilaya ya Nachingwea, hulitamki kwa sauti mbele ya mtendaji wa kata. Kangomba ni mnunuzi wa korosho asiye na kibali, anayekuja na bakuli badala ya mizani, na mara nyingi anazinunua korosho zikiwa bado maua mtini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kusini msimu wa 2007/2008, korosho zinatakiwa kupita chama cha msingi, zipimwe, ziende ghalani, zipigwe mnada. Kangomba hupita uchochoroni. Polisi wanamsaka, magazeti yanamtukana, viongozi wanamlaani majukwaani. Na Januari 2010 ndiye aliyenivisha viatu.

Hebu sikiliza hesabu yenyewe, ndugu msomaji. Korosho zetu huanza kuokotwa Septemba, Oktoba. Ikifika Januari malipo ya kwanza yamekwisha kuliwa: deni la salfa ya kupulizia mikorosho, bati 2 za jikoni, unyago wa dada. Malipo ya pili, enzi zile, yalikuwa yanasubiriwa kama mvua. Na Januari hiyo hiyo shule zinafunguliwa. Fomu yangu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilikuja na ada shilingi 20,000, sare jozi 2, ndoo, jembe, bunda la karatasi, mchango wa dawati, na juu ya yote godoro, kwa sababu shule ilikuwa mbali na ilibidi nipange geto na wenzangu. Kwetu mambo kama haya ni ya mjomba. Mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, ndiye mwenye sauti. Lakini mjomba alikuwa amekwenda Liwale, na habari zake zilikuwa za kusikia tu.

Basi mama akajifunga khanga, akaenda dukani kwa yule bwana. Akatoka na shilingi 120,000. Yule bwana akafungua daftari, la mistari, la kurasa 96, lile lile ambalo mimi ningeandikia jiografia, akaandika jina la mama na mbele yake: magunia 3. Hakuandika bei. Oktoba alikuja na bakuli lake, akawa anajaza mpaka korosho zinaporomoka pembeni, na zilizoporomoka anazirudisha juu. Magunia 3 ya bakuli lile ni karibu 4 ya mizani. Msimu huo bei ya ghalani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyotuhesabia. Mama alisimama pale na mikono kiunoni, akamwambia, "Shemeji, unatuonea." Yule bwana akajibu, "Shemeji, mtoto yuko shule au hayuko?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Nilimsimulia mshikaji wangu mmoja, tunakutana naye Jumamosi kusomeana tunayoandika. Akasema bila hata kufikiri: alikuibieni, kwisha habari. Nikamwuliza, je, kama asingekuwapo? Akanyamaza, akaomba sigara. Maana kama asingekuwapo nisingekuwa naandika haya. Wenzangu 2 tuliochaguliwa pamoja, wazazi wao hawakukopa kwa kangomba wala kwa mtu mwingine. Mmoja anachoma mkaa. Mwingine anaendesha bodaboda Nachingwea mjini, na huyo, niseme ukweli, ana nyumba ya matofali ya kuchoma na mimi sina hata kitanda changu. Lakini hawakuchagua. Mimi angalau nilikwenda nikaona.

Hapo ndipo ninapokwama, na naomba tukwame pamoja. Katika kijiji chetu, chama halali hakikuwa na dirisha la kukopesha godoro. Benki haikumjua mama. Biashara pekee iliyokuwa inakumbuka kwamba Januari kuna mtoto anakwenda shule ilikuwa ile ya haramu. Tutasemaje juu ya wema unaokuja kwa mkono wa mtu anayekupunja? Wazee wangesema tazama nia. Nia yake ilikuwa faida, tena nono. Lakini kampuni kubwa yenye jengo la vioo, inapomlipia mwanafunzi ada, nia yake ni nini? Tukianza kupima nia hatutamaliza. Hakuna mfanyabiashara atakayepona, na yatima watakaa chini.

Tazama historia ya hapo hapo kwetu. Nachingwea mji ulitokana na biashara ya wakubwa. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, iliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika ili Waingereza wapate mafuta baada ya vita. Kazi ikaanza 1947: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Kusini ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja mpaka kwetu. Vijana waliokuwa hawajawahi kugusa usukani wakafundishwa kuendesha matrekta, maana trekta haiendeshwi kwa hotuba. Mwaka 1951 mpango mzima ukatupwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kuzikwa ardhini. Reli ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Lakini hakuna aliyeweza kumng'oa dereva ujuzi wake wa gia. Waingereza hawakuwa wanatuandalia maisha, walikuwa wanaandalia mkate wao siagi. Ujuzi ulibaki hata hivyo. Ndiyo maana nasema nia si kipimo.

Kipimo ni nini basi? Mimi nimekuja kuamini kwamba ni ile mizani yenyewe. Nani ameishika? Anayepokea anaweza kuiona namba? Anaweza kusema hapana, au kusema rudia kupima, na bado mtoto wake akaenda shule? Mama yangu alikuwa na mdomo lakini hakuwa na mizani. Angesusa, mwaka uliofuata asingepewa kitu. Wizi ulianzia hapo, kabla bakuli halijajaa.

Sasa pima kwa kipimo hicho ile misaada tuliyozoea kuiona picha zake. Madawati yamepangwa uwanjani, hundi kubwa ya boksi, meneja amevaa fulana mpya, watoto wanaimba juani tangu saa 2 asubuhi na mgeni anafika saa 6. Halafu inasemwa kwamba kampuni "inarudisha kwa jamii". Mimi napenda sana neno hilo, kurudisha, kwa sababu limejisema lenyewe. Hurudishi usichochukua. Anayerudisha jembe la jirani hapigiwi vigelegele. Anaambiwa asante, na jirani anatazama kama mpini ni ule ule. Lakini pale uwanjani ni mzazi gani atakayenyanyuka aulize: mmechukua ngapi, hizi ni ngapi, na kwa nini madawati wakati hatuna mwalimu wa hisabati? Akiuliza ataambiwa hana adabu. Mizani iko kwa mgeni.

Sheria zetu, ukizisoma, hazisemi hisani. Mwajiri analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na zamani ilikuwa 6. Mnunuzi wa mazao ya biashara kama korosho anadaiwa ushuru ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na serikali ya mahali alipo. Wajibu, siyo zawadi. Majirani zetu wa Ruangwa wana madini ya kinywe, yale ya penseli na betri, na kwao jambo hili si nadharia. Nani anakaa kwenye kile kikao cha kukubaliana? Kama ni meneja na ofisa peke yao, basi bakuli limebadilika rangi tu.

Na kuna hili la Ntaka, wilayani mwetu. Kampuni za nje zilitafuta nikeli pale kwa miaka. Januari 2018 leseni ilifutwa baada ya sheria kubadilishwa. Wakaenda kwenye baraza la usuluhishi la Washington, na Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 wakapatana kwa milioni 90. Sisemi nani alikuwa na haki, si kazi yangu. Nasema tu kwamba hesabu ya kampuni iliyoondoka ilipigwa mpaka riba. Kijana aliyeacha shamba akakaa kuungoja mgodi, akajifunza Kiingereza cha kuombea kazi, yeye hana Washington. Hajaandikwa kwenye daftari la mtu, hata la kangomba.

Mnaosoma mjini msicheke, na nyinyi mnalijua bakuli. Mimi nilipofika chuo nilizunguka Dar na barua ya fildi kwenye bahasha ya kaki mpaka soli ikafunguka mdomo. Ofisi moja, sitaitaja, ikanipokea miezi 3. Nilitoa fotokopi, nikaleta vitafunwa, nikajifunza kwamba bosi hanywi chai yenye tangawizi. Nauli juu yangu. Mwisho wa mwaka nikaiona picha yangu kwenye kalenda yao, nimeshika faili tupu, na chini maneno ya fahari juu ya kuwaandaa vijana kwa ajira. Gereji nako ni vivyo hivyo: dogo anashika spana miaka 3 kwa sahani ya ugali, na fundi anasema anamfundisha. Anamfundisha kweli. Hilo ndilo gumu lake, ndugu zangu. Kama lingekuwa uongo mtupu tungelitupa tukaendelea na safari.

Kangomba wetu angalau hakunipiga picha. Daftari lake alilifungua juu ya kaunta, mama akaliona jina lake japo hakulisoma. Oktoba walitukanana ana kwa ana kama watu wanaojuana. Huwezi kumtukana meneja wa kalenda, humjui hata anakoishi.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Duka bado lipo, limeinama kidogo, na yule bwana amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Nilimpa shikamoo. Akauliza, "Umesoma mpaka wapi, mjomba?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu gawio lake, nami nikahisi hasira ya miaka mingi ikinipanda na wakati huo huo naona aibu kuwa na hasira.

Halafu akaleta kiti. Binti yake wa mwisho amemaliza kidato cha 4, anataka kwenda VETA Lindi kusomea umeme, na biashara siku hizi imekuwa soo, mnada wa korosho uko mpaka kwenye simu na vijana wake wamekamatwa mara 2. Hakuniomba moja kwa moja. Alisema tu kwamba Januari ni mbaya.

Nilikuwa na mshiko kidogo, wa nauli na wa mama. Nikamhesabia nusu ya ule wa mama. Akauchukua kwa mikono miwili, akavuta daftari kutoka chini ya kaunta, akalamba kidole, akafungua ukurasa mweupe, akaandika jina langu. Halafu akanitazama kwa lile jicho zima.

"Niandike nini mbele yake?"

Nje dereva wa gari la Nachingwea alikuwa anapiga honi, na abiria walikuwa wamekwisha kukaa. Nilisimama pale na begi begani, na yule mzee alikuwa bado ameshika kalamu.